Muhammed Said Abdulla

Muhammed Said Abdulla (Makunduchi, Unguja, 25 Aprili 1918 – Machi 1991) alikuwa mwandishi wa habari na mtunzi wa riwaya kutoka Zanzibar, nchini Tanzania. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika fasihi ya Kiswahili. Anajulikana hasa kwa riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa mwaka 1960, na kwa mhusika wake Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko anayerudi katika riwaya zake nyingi.

Riwaya hiyo ina nafasi ya pekee pia katika historia ya hadithi za kutisha za Kiswahili. Inamtia msomaji hofu ya mzimu, kisha inamwongoza hatua kwa hatua mpaka aone kwamba nyuma ya hofu hiyo kuna binadamu mwenye sababu zake za kuua. Njia hiyo ya kutisha kwanza na kufumbua baadaye ndiyo urithi mkubwa alioacha Abdulla, na waandishi waliokuja baada yake ama waliifuata ama waliiacha kwa makusudi.

Maisha

Abdulla alizaliwa Makunduchi, mji ulioko kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wakati huo Zanzibar ilikuwa nchi lindwa chini ya Waingereza, ikitawaliwa kwa jina na Sultani. Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya ya serikali. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 10.

Mwaka 1948 aliacha kazi ya afya na kuingia katika uandishi wa habari. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka 10 iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Magazeti hayo hayakuwa ya upande mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa karibu na Jumuiya ya Waafrika, ambayo baadaye ilikuwa mmoja wa wazazi wa chama cha Afro-Shirazi. Kwa hiyo Abdulla alifanya kazi katika vyumba vya habari vya pande ambazo muda si mrefu zingepambana vikali katika siasa za visiwa hivyo.

Mwaka 1958 alihamia katika gazeti la Mkulima, lililokuwa gazeti la taifa la kilimo la Tanganyika, akawa mhariri wake. Kazi hiyo ilimfikisha kwa wasomaji wa aina nyingine kabisa. Tanganyika ilikuwa nchi ya wakulima wa kahawa, katani na pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ilitoka Usukuma, pamoja na maeneo ya Maswa na Bariadi yaliyo leo katika Mkoa wa Simiyu. Mwandishi aliyekulia katika kisiwa cha mikarafuu na minazi alitakiwa sasa kuwaandikia watu wa bara kwa Kiswahili ambacho wote wangekielewa. Alikaa Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968.

Katika kipindi hicho Zanzibar ilipata uhuru mwezi Desemba 1963, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika. Baada ya kustaafu, Abdulla aliendelea kuandika. Riwaya zake nne zilitoka mfululizo kati ya mwaka 1973 na 1976, na nyingine ikafuata mwaka 1984. Alifariki mwezi Machi 1991.

Shindano la mwaka 1957–58

Mzimu wa Watu wa Kale haikuanza kama kitabu cha dukani. Ilikuwa mswada uliopelekwa katika shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957–58, lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilianzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948, makao yake makuu yakiwa Nairobi, kwa lengo la kutoa vitabu na magazeti kwa ajili ya wasomaji Waafrika waliokuwa wakiongezeka. Mswada wa Abdulla ulipata zawadi ya kwanza, na mwaka 1960 shirika hilo likauchapisha.

Wakati huo riwaya ilikuwa bado changa katika Kiswahili. Ushairi ulikuwa na historia ya karne kadhaa, na ngano zilisimuliwa katika kila nyumba. Katika nathari ndefu iliyochapishwa, jina lililojulikana zaidi lilikuwa la Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake kama Kusadikika na Adili na Nduguze vilikuwa karibu na ngano na mafumbo ya maadili. Majini, wafalme na nchi za kubuni vilikuwa mambo ya kawaida katika hadithi za namna hiyo. Abdulla alileta kitu tofauti: nchi inayojulikana, watu wenye kazi na mali, kifo kimoja, na swali moja la nani aliyeua.

Mzimu wa Watu wa Kale

Ili kuielewa riwaya hii, msomaji wa bara anahitaji kujua jinsi neno mzimu linavyotumika Unguja. Kwa kawaida neno hilo lina maana ya roho ya mtu aliyekufa. Visiwani lina maana pia ya mahali penyewe ambapo roho hizo huaminiwa kukaa: pango, jabali, mti mkubwa au magofu ya kale. Watu hupeleka huko ubani, vitambaa na vyakula, wakiomba afya, mvua, mtoto au kinga dhidi ya mabaya. Makunduchi, alikozaliwa Abdulla, ni miongoni mwa sehemu za Unguja ambako mila hizo zimedumu kwa nguvu. Huko ndiko hufanyika kila mwaka sherehe ya Mwaka Kogwa, ambapo kibanda cha makuti huchomwa moto na wanaume hupigana kwa vigomba vya migomba ili kuondoa chuki za mwaka uliopita.

Riwaya inahusu mauaji ya Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba, ambayo yanahusishwa na mahali pa mzimu. Kwa watu wa pale, mahali penyewe panatosha kuwa jibu. Mzimu wa watu wa kale una hasira, na mwenye kuukosea huadhibiwa. Maelezo hayo yakikubaliwa, hakuna haja ya kumtafuta muuaji, wala mtu hana sababu ya kumtazama jirani yake kwa mashaka. Bwana Msa anapoingia, anakataa jibu hilo bila kuwadharau wanaoliamini. Anasikiliza, anauliza, anachunguza mambo madogo, na anazifuata habari za nyuma za ukoo na mali ya marehemu.

Kutoka hapo fumbo linahama. Kadiri mpelelezi anavyosonga mbele, mzimu unapungua ukubwa na siri za familia zinaongezeka: mapenzi, urithi, watoto, na mambo yaliyofichwa na watu wa heshima. Hofu ya mwanzo haimwachi msomaji, ila inabadilika sura. Kinachotisha mwishoni ni kwamba mtu wa kawaida anaweza kuua, na kwamba imani ya jamii nzima inaweza kumfunika asionekane.

Bwana Msa

Bwana Msa ni raia wa kawaida, si ofisa wa polisi. Ni mtulivu, ana maneno ya kuchekesha, na kiko chake hakimtoki mdomoni anapofikiri. Anafuatana na rafiki yake Najum, ambaye huuliza maswali ambayo msomaji mwenyewe angependa kuuliza, na ambaye mara nyingi hukosea pale ambapo Bwana Msa anapatia. Jozi hiyo inafanana waziwazi na Sherlock Holmes na rafiki yake Dk Watson, wahusika wa Arthur Conan Doyle wa Uingereza walioonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1887.

Hata hivyo, Bwana Msa ana mazingira yake. Holmes anasoma majivu ya sigara na matope ya viatu katika mitaa ya London. Bwana Msa anasoma watu. Ufunguo wa mafumbo yake hukaa zaidi katika nasaba, ndoa, talaka, unyumba wa siri na majina yaliyobadilishwa. Katika jamii ya visiwani, ambako kila mtu anajua au anadhani anajua nani ni mtoto wa nani, hayo ndiyo mambo yanayoweza kumfanya mtu aue au auawe.

Kisima cha Giningi na riwaya za baadaye

Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya Evans Brothers ya London. Nayo pia ilipata zawadi. Kwa mara nyingine Abdulla alichagua jina linalotisha. Katika masimulizi ya Wazanzibari, Giningi ni nchi ya siri ya wachawi, mahali wanapokutana usiku na ambako watu waliochukuliwa na wachawi husemekana kuwa hai ingawa ndugu zao wamekwisha kuwazika. Mtoto wa Unguja alilisikia jina hilo kabla ya kujua kusoma. Kuliweka juu ya jalada la kitabu cha upelelezi kulimwita msomaji kwa hofu aliyokua nayo, kisha kumweka mbele ya akili ya Bwana Msa.

Riwaya zilizofuata ziliacha kidogo majina ya mizimu na wachawi, zikachukua majina ya kitendawili. Duniani Kuna Watu ilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Kosa la Bwana Msa ilitoka mwaka 1984. Katika hizi mkazo uko zaidi katika mkanganyiko wa watu na nasaba. Msomaji anatakiwa kuwa makini, maana jambo lililotajwa mapema kama mzaha linaweza kuwa ndilo ufunguo wa kitabu kizima.

Hadithi ya kutisha na hadithi ya upelelezi

Uamuzi wa Abdulla wa kuchanganya mzimu na mpelelezi haukuwa wa bahati. Duniani kote aina hizi mbili za hadithi ni ndugu. Mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe, anayejulikana kwa hadithi za kutisha, ndiye anayetajwa pia kuwa baba wa hadithi ya upelelezi kwa hadithi yake ya mwaka 1841 kuhusu mauaji ya Paris. Conan Doyle naye, katika riwaya yake ya mwaka 1902 kuhusu mbwa wa kutisha wa ukoo wa Baskerville, alimpa Holmes kazi ya kupambana na laana ya kale iliyoogopwa na kijiji kizima.

Riwaya za kutisha zilizopata sifa kubwa zaidi Ulaya zilifuata njia nyingine. Katika Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotolewa mwaka 1818, kiumbe cha kutisha kipo kweli, kimetengenezwa na mtu wa sayansi. Katika Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897, mnyonya damu yupo kweli, na wasomi wa kisasa wanalazimika kukubali kwamba wanakijiji walisema ukweli. Huko Ulaya wasomaji wengi wa riwaya hizo walikuwa wamekwisha kuacha imani hizo katika maisha yao ya kila siku, kwa hiyo hofu yao ilikuwa burudani ya saa chache.

Hali ya msomaji wa Abdulla ilikuwa tofauti. Alipofunga kitabu, mzimu ulikuwa bado uko ng'ambo ya shamba, na mganga alikuwa bado anapokea wateja. Kumwambia msomaji huyo kwamba mzimu ulimuua Bwana Ali kungekuwa kumthibitishia alichokuwa anakiamini tayari. Kumwonyesha kwamba mtu fulani ndiye aliyeua kulikuwa kumpa namna nyingine ya kuuliza juu ya vifo vya ghafla.

Lugha na matumizi shuleni

Abdulla anasifiwa sana kwa lugha yake. Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye msamiati mpana, methali, misemo ya mjini na mazungumzo ya haraka yanayomfanya kila mhusika atambulike kwa ulimi wake. Ucheshi umetawala hata katika sura zenye maiti. Kwa sababu hiyo riwaya zake zilitumika kwa miaka mingi kama vitabu vya kiada na vya ziada katika shule za Afrika Mashariki, na kadhaa kati yake zilichapwa tena na tena. Kwa wanafunzi wa bara ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili baada ya Kisukuma, Kihaya au Kichaga, vitabu hivyo vilikuwa vigumu kwa maneno, lakini fumbo la kisa liliwavuta wavisome hadi mwisho.

Lawama za wahakiki

Katika miaka ya siasa ya Ujamaa, baadhi ya wahakiki waliiona riwaya ya upelelezi kuwa fasihi ya kupoteza muda. Walidai kwamba inamshughulisha msomaji na kosa la mtu mmoja na kumsahaulisha makosa ya jamii nzima. Kuhusu Abdulla ilisemwa pia kwamba wahusika wake wengi ni wenye mashamba na watu wa mjini, na kwamba Mapinduzi ya mwaka 1964 hayapati nafasi kubwa katika kazi zake.

Lawama hiyo ina uzito wake. Waandishi wengine wa Zanzibar waliomfuata, kama Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, waliyaandikia mashamba hayohayo kwa kuwatazama watumwa, wakulima na watumishi. Lakini ni vigumu kusema kwamba Abdulla hakuwa na hoja ya kijamii. Kuwataka watu waache kumtupia mzimu lawama za kifo na badala yake watafute ushahidi ni hoja inayogusa uhusiano wa majirani wote, wenye mali na wasio nayo.

Athari

Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ilienea haraka. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Katika miaka ya 1970 na 1980 Elvis Musiba alimleta jasusi Willy Gamba, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Wapelelezi hao ni watu wa bastola, magari na safari za nchi za nje, na mzimu hauna nafasi kubwa kwao. Kutoka kwa Abdulla walirithi kitu kimoja cha msingi: shujaa wa Kiswahili anayetegemea akili yake na anayerudi kitabu baada ya kitabu.

Upande wa kutisha ulifuata njia yake mwenyewe. Filamu za Kitanzania za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilijaa mizuka na majini, na ndani yake viumbe hao wapo kweli na wanaua. Hadithi za kutisha za Kiswahili kwa hiyo zina matawi mawili. Moja linakubali jini na kuuliza namna ya kumshinda. Jingine, ambalo shina lake ni Abdulla, linauliza nani ananufaika watu wakiamini jini.

Hofu ya uchawi nje ya riwaya

Swali hilo la pili halikubaki vitabuni. Usukuma, ambako leo kuna Mkoa wa Simiyu uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, una msamiati wake wa mambo haya: masamva ni roho za wahenga, bafumu ni waganga, na bulogi ni uchawi. Kwa muda mrefu, wanawake wazee katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa kupikia wa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2007 hivi watu wenye ualbino nao walishambuliwa kwa ajili ya viungo vyao. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza kumsingizia mtu uchawi, na mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Nyuma ya mashtaka mengi ya namna hiyo wachunguzi wameona mambo ambayo msomaji wa Abdulla angeyatambua: ugomvi wa shamba, urithi, wivu wa jamaa, na kifo cha mtoto ambacho hakuna daktari aliyekieleza. Riwaya ya Abdulla haikuandikwa kwa ajili ya Wasukuma, wala haimalizi tatizo hilo. Inampa mwanafunzi mfano wa mtu mzima mwenye heshima anayekataa jibu la kwanza na kudai kuonyeshwa ushahidi kabla mtu hajahukumiwa.

Orodha ya riwaya

Mzimu wa Watu wa Kale (1960)
Kisima cha Giningi (1968)
Duniani Kuna Watu (1973)
Siri ya Sifuri (1974)
Mke Mmoja Waume Watatu (1975)
Mwana wa Yungi Hulewa (1976)
Kosa la Bwana Msa (1984)